CIA haikukiri kitu kuhusu visahani vya moto vya Katanga

Imenifikia tena. Ni karatasi ileile ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, yenye duara la wino mwekundu, na safari hii imekuja na ujumbe wa sauti wa kijana mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi: "Papa, soma mwenyewe! CIA imekiri. Visahani vilikuja kuchota urani ya Shinkolobwe." Jambo hili nimelijibu kwenye simu, matangani, ndani ya taksi na hata redioni. Leo naliandika kwa kirefu, kwa sababu limenichosha, na kwa sababu kisa chenyewe kina thamani kuliko uvumi uliojengwa juu yake.

Mwanangu, CIA haikukiri kitu. Karatasi hiyo ni ya tarehe 16 Agosti 1952, na ni fomu ya kawaida waliyotumia kukusanya habari za magazeti na redio za nchi za nje. Chanzo kimeandikwa juu: gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, la tarehe 29 Machi 1952. Pameandikwa pia kwamba habari hii haijatathminiwa. Basi. Mtu wa ofisini alisoma gazeti, likatafsiriwa, likawekwa kwenye faili. Posta ikipokea barua haishuhudii yaliyomo ndani yake.

Kwa nini Agosti, wakati gazeti ni la Machi? Nadhani jibu liko Washington. Mwezi Julai mwaka huo, wikendi mbili mfululizo, tarehe 19 na 20, kisha 26 na 27, rada za pale zilionyesha vitu visivyojulikana, ndege za kivita zikarushwa, magazeti yakawaka moto. Baada ya hapo CIA ilitaka kila kipande kilichotaja visahani popote duniani. Katanga iliingia kwenye wavu huo.

Yaliyomo ni haya. Visahani viwili vya moto vilionekana juu ya migodi ya urani ya wilaya ya Élisabethville, yaani Lubumbashi yetu, wakati ule katika Kongo ya Wabelgiji. Vilisimama mahali pamoja, kisha vikaondoka kwa zigizaga kuelekea kaskazini-mashariki, na sauti kali ya kuvuma ikasikika. Kamanda Pierre wa uwanja mdogo wa ndege wa Élisabethville akapaa na ndege ya kivita kuvifuata. Alikikaribia kimoja hadi kama mita 120. Alikadiria kipenyo chake kuwa kati ya mita 12 na 15. Kiini kilikuwa kimetulia, ukingo umefunikwa na moto, na chuma chake kilikuwa na rangi kama ya alumini. Baada ya robo saa hivi vikapotea kwa mstari ulionyooka upande wa Ziwa Tanganyika, kwa kasi aliyoikadiria kuwa kilomita 1500 kwa saa.

Sasa fungua ramani. Gazeti linaweka migodi hiyo mashariki ya mto Luapula. Mtu wa Katanga hahitaji kuambiwa zaidi: mashariki ya Luapula ni Zambia, wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, mikononi mwa Waingereza. Shinkolobwe iko karibu na Likasi, zaidi ya kilomita 150 magharibi ya mto. Mgodi ule ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya 1945, na mwaka 1952 Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, walikuwa bado wanauchimba kwa usiri mkubwa. Karatasi inataja migodi ya urani tu. Jina la Shinkolobwe limepachikwa na wasambazaji, ambao hawakuangalia Luapula iko wapi.

Kosa la ramani peke yake haliui ushahidi. Mwandishi wa Ulaya anaweza kuchanganya mashariki na magharibi ya mto asioujua. Ila linanionyesha kwamba kati ya tukio na kalamu palikuwa na mikono kadhaa. Hata ile ndege ya kivita inanisumbua. Kambi kubwa ya anga ya Wabelgiji katika Katanga ilijengwa Kamina. Uwanja mdogo wa Élisabethville ulipata wapi ndege ya kivita iliyo tayari kupaa papo hapo? Huenda ilikuwepo. Huenda ilikuwa ndege ya kawaida, gazeti likaipandisha cheo.

Haya yote nayapita haraka, maana kinachonikera hasa ni zile namba. Mita 120, mita 12 hadi 15, kilomita 1500 kwa saa. Watu wanazisoma kana kwamba ni vipimo vitatu, kumbe ni kadirio moja lililojirudia mara tatu. Jicho halipimi umbali wa kitu kisichojulikana angani. Linapima pembe tu: kitu kimejaza nafasi gani mbele yako, na kimesogea nyuzi ngapi. Ili upate ukubwa lazima ujue umbali. Ili upate kasi lazima ujue umbali. Kama umbali halisi ulikuwa mara kumi ya ule aliodhani, basi kipenyo ni mara kumi, na kasi pia. Namba moja ikianguka, zote zinaanguka nayo.

Chini kwenye mti, ukuta au paa, ubongo una vitu vya kulinganisha. Juu, gizani, hauna. Hapo unachagua umbali wenyewe bila kukuuliza, kisha unakuletea ukubwa kama jambo uliloliona. Ndiyo maana mama mmoja wa Ruashi aliniambia, kwa moyo safi kabisa, kwamba taa ilikuwa juu ya lupango, yaani kiwanja, la jirani, kubwa kama lori. Nilimwomba tusimame palepale alipokuwa amesimama, saa ileile, anyooshe mkono na anionyeshe kwa ngumi ilikuwa juu kiasi gani kutoka ukingo wa paa. Nikachukua azimuti, yaani upande wa dira alioonyesha, nikarudisha anga ya siku ile kwenye Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha nyota. Ilikuwa Zuhura. Mama huyu hakudanganya, na naomba tuache kabisa kusema mashahidi wanadanganya. Aliona nuru kweli, ilikuwa kali kweli, na ilikaa pale alipoonyesha. Kila alichokipima kwa mkono wake kilikuwa sahihi. Kilichoongezwa ni umbali.

Kuna kisa kinachofundisha jambo hili kuliko kingine chochote. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi ya Kisovieti ya safari ya Zond 4 yaliungua yakiingia katika hewa ya dunia juu ya Marekani. Watu wa majimbo mengi waliyaona, na wengi walieleza vizuri: vipande vinavyowaka, vinapita kimya. Lakini wengine waliripoti chombo kimoja kirefu chenye madirisha ya mraba yenye taa, kikipita chini karibu na vilele vya miti. Mabaki yalikuwa juu sana, makumi ya kilomita. Ubongo uliunganisha nuru zilizotengana, ukajenga mwili wa giza kati yake, ukatoboa madirisha. Waliosema hivyo walikuwa na akili timamu, na baadhi yao walikuwa wasomi.

Kwa hiyo hapa Lubumbashi, mtu wa Katuba akiniambia ameona ndege ya walozi na mtu wa mjini akiniambia ameona ovni, yaani kitu kisichojulikana kinachoruka angani, nawauliza maswali yaleyale. Ulisimama wapi? Saa ngapi, na saa hiyo uliipata wapi? Ngumi ngapi kutoka mti? Ilipotea nyuma ya kitu au ilizimika? Simwulizi mtu "ilikuwa na umbo gani" kabla hajasimulia mwenyewe hadi mwisho, kwa sababu swali hilo peke yake linampa umbo. Mashahidi wawili nawasikiliza mbalimbali. Wakishakaa pamoja jioni moja, nina shahidi mmoja tu. Video ya simu ya nuru ndogo usiku hainisaidii sana: lenzi ikikosa fokasi inageuza nukta kuwa sahani. Nipigie picha ya mahali penyewe kesho yake mchana, hiyo ina faida zaidi.

Umeme ukikatika mtaa mzima watu hutoka nje na kuona anga wasiyoizoea. Taa za ndege inayoshuka Luano, uwanja wetu wa ndege, ikiwa imekuelekea wewe huonekana zimesimama tuli kwa dakika kadhaa, kisha zinageuka na kupotea. Tangu Mei 2019 kuna msururu wa satelaiti za Starlink, vinukta vilivyopangwa mstari mmoja jioni au alfajiri. Mwezi wa nane na wa tisa, moto wa majani na moshi wake hufanya nyota za chini kuwa nyekundu. Hayo tumeyazoea, nayaacha.

Lakini sasa niwageukie wenzangu wa upande wa pili, maana wao pia wananiudhi. Kila nikiweka karatasi ya 1952 mezani, kuna anayesema, "Ilikuwa Zuhura tu, tufunge." Piga hesabu kwanza! Kitu cha mita 12 kilicho umbali wa mita 120 kinajaza karibu nyuzi sita za anga. Mwezi mpevu unajaza nusu nyuzi. Yaani kama simulizi ni ya kweli, rubani aliona kitu kilichopanuka mara kumi na zaidi kuliko mwezi, chenye kiini na ukingo. Sayari haifiki hapo, hata moshi uwe mzito namna gani. Huwezi kuchukua nusu ya simulizi unayoipenda na kuitupa nusu nyingine ili sayari ikae vizuri. Ama simulizi ilifika kwetu ikiwa nzima, na basi Zuhura haiwezekani. Ama iliharibika njiani, na basi hata Zuhura huna haki ya kuitaja, kwa sababu huna kitu cha kueleza.

Wafaransa wana utaratibu ninaoutumia, kwa sababu unatenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya. Shirika lao la anga, CNES, lina kitengo mjini Toulouse kilichoanza mwaka 1977, sasa kinaitwa GEIPAN. Kila kisa kinapewa herufi. A: kimetambuliwa. B: pengine kimetambuliwa. C: hakitambuliki kwa sababu taarifa hazitoshi. D: taarifa zinatosha, uchunguzi umefanywa, na bado hakieleweki. Watu wote wanapigania A na D. Mimi nataka muitazame C, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo inayojaza faili zangu.

C haimaanishi "hakuna kitu". Haimaanishi pia "kitu cha ajabu". Inamaanisha mlango haufunguki kwa ufunguo tulio nao. Kisa kinaweza kuwa cha kushangaza sana na bado kiwe C, kwa sababu ugeni wa simulizi ni jambo moja na uzito wa taarifa ni jambo jingine. Visahani vya Élisabethville vina ugeni mkubwa mno. Uzito wake je? Shahidi mmoja mwenye jina moja. Hakuna tarehe ya tukio, hakuna saa. Hakuna ripoti yake mwenyewe, kuna gazeti lililomnukuu, na sisi tunasoma tafsiri ya gazeti. Hiyo ni C. Ukiniita muoga kwa kusema C, sijali. Ukiniita mtu wa CIA, kama alivyofanya msikilizaji mmoja, nitakuomba uniletee tarehe ya tukio, halafu tuzungumze.

Niseme pia jambo ambalo miongozo haisemi wazi. Mpaka kati ya B na C hauna uzio. Nikiwa na nuru iliyosimama magharibi baada ya jua kuzama, na azimuti iko karibu na Zuhura lakini shahidi anasisitiza ilipanda juu badala ya kushuka, naandika B au C? Wachunguzi wawili waaminifu wataandika herufi mbili tofauti, na hakuna kipimo kitakachowapatanisha. D nayo haitulii: GEIPAN walirudia visa vya zamani kwa zana mpya na vingi vikashuka kutoka D. Hilo linanipa imani na utaratibu, na wakati huohuo linanitia wasiwasi. Nikimpa mtu D leo, najua labda ninapima uchache wa zana zangu. Na bado baadhi ya D hazijashuka. Nimezisoma, sina maelezo yake, na sitabuni maelezo ili nilale vizuri.

Mjini Ruwa, Zimbabwe, Septemba 1994, watoto makumi wa shule moja walisema waliona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa michezo. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi yalikuwa yameungua juu ya kusini mwa Afrika na nchi nzima ilikuwa inazungumzia anga. Wengi hapa wanafunga kisa kwa sentensi hiyo. Mimi siwezi. Roketi ya usiku inaeleza kwa nini masikio yalikuwa wazi, haielezi watoto waliona nini mchana. Wala siwezi kukipandisha hadi D, kwa sababu walikuwa wamekaa pamoja na kuzungumza kabla ya kuhojiwa. Kinabaki pale, na kinaniuma.

Turudi Katanga. Karatasi ya CIA haitatupa kingine, hata ukiizungushia duara kumi. Kazi iko kwetu. Élisabethville ilikuwa na gazeti lake, L'Essor du Congo. Kama rubani wa mji huu alifukuza visahani vya moto juu ya migodi, wasomaji wa hapa walikuwa wa kwanza kutaka kujua, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni matoleo ya miezi iliyotangulia Machi 1952. Kuna pia daftari za uwanja wa ndege, barua za makarani wa Union Minière, na wazee. Kama babu yako alifanya kazi kwenye uwanja ule, au mgodini, au matbaani, miaka ile ya mwanzo wa hamsini, usinitumie karatasi ya CIA. Niulizie kwake. Usimtajie visahani wala moto. Mwulize tu kama anakumbuka rubani aliyeitwa Pierre na ndege aliyokuwa akirusha, mwache aseme mpaka amalize, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha nipigie.