"Panya Wawili Tu, Bwana": Yasemwayo Kuhusu Visiwa vya Mbali, na Ukweli Wake

Sentensi ni ile ile kila msimu wa safari za visiwani, panya akionekana chomboni. Leo anaisema nahodha, kesho mpishi wa meli, keshokutwa mtalii aliyelipa fedha nyingi kwenda kuona ndege: "Panya wawili tu, bwana, kwa kisiwa kizima hawana neno." Wana neno, tena kubwa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni yao. Dhana nyingine zitapata haki yake kwa ufupi.

Dhana: panya wawili hawawezi kudhuru kisiwa

Hata wawili ni wengi. Jike mmoja mwenye mimba anatosha. Panya wa melini hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, huzaa watoto sita hadi wanane kwa mkupuo, na watoto hao huanza kuzaa kabla ya kutimiza nusu mwaka. Mahali pasipo na paka, nyoka wala bundi, piga hesabu mwenyewe.

Kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia, hakikuwa na panya mpaka Juni 1918, meli ya SS Makambo ilipopanda mwamba. Katika miaka michache iliyofuata, aina tano za ndege waliokuwa hawapatikani popote pengine duniani zilitoweka. Kazi kubwa ya kuwaondoa panya hao ilikuja kufanyika 2019, karne nzima baadaye.

Wengine hujitetea kwamba walichokiona chomboni ni kile kipanya kidogo cha jikoni, si panya mkubwa. Hao waangalie kisiwa cha Gough, kusini mwa Atlantiki. Vipanya vya nyumbani vililetwa huko na wawinda sili katika karne ya 19. Leo hutoka usiku na kumla kifaranga cha albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, akiwa hai, kidogo kidogo, mpaka anakufa kwa majeraha. Kipanya hana hata gramu 50, na kifaranga ana kilo kadhaa. Lakini kifaranga hasogei. Mababu zake hawakuwahi kuguswa na mnyama mwenye meno akiwa kiotani, basi hana woga wala mbinu ya kujitetea. Hiyo ndiyo siri ya visiwa vilivyojitenga: ndege hutaga chini, wengine wamepoteza hata uwezo wa kuruka, kwa sababu kwa maelfu ya miaka hapakuwa na wa kumkimbia.

Sasa njoo kwa ndugu ya dhana hii, ambayo inachosha zaidi: "Si mnawawekea sumu? Mkiua 99 kati ya 100, waliobaki watakwisha wenyewe." Hawakwishi. Waliobaki wamepata chakula chote, mashimo yote na nafasi yote. Kwenye kisiwa cha Henderson, katika Pasifiki, sumu ilimwagwa kwa helikopta mwaka 2011. Panya walikuwa makumi ya maelfu, nao wote wakafa isipokuwa 60 hadi 80 hivi. Haikuchukua miaka mingi idadi ikarudi ilikokuwa. Gough nako walijaribu 2021, na Desemba ya mwaka huo huo kamera ikanasa kipanya kinatembea.

Kwa hiyo kazi hupangwa kwa ajili ya panya wa mwisho, si wa kwanza. Chambo ni vidonge vya nafaka vyenye brodifakoamu, sumu inayozuia damu kuganda. Imechaguliwa kwa sababu ni ya polepole: panya hufa baada ya siku kadhaa, na hivyo hawezi kuhusisha ugonjwa wake na alichokula. Sumu kali ya papo hapo huwaonya wenzake. Helikopta hupita kwa mistari iliyopimwa kwa GPS, na kila mstari hufunika nusu ya ule uliotangulia, ili pasibaki hata eneo dogo la panya mmoja lisilo na chambo. Magenge hupitiwa tena peke yake, kwa kuwa ukuta wima una eneo kubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Nyumbani, chambo huwekwa kwa mkono: darini, chini ya sakafu, stoo, bandani kwa kuku. Mwago wa pili hufuata baada ya siku kumi au zaidi, kwa ajili ya watoto waliokuwa kiotani wakinyonya wakati wa ule wa kwanza.

Wakati nao una thamani yake. Humwagi chambo miti ikiwa imezaa. Panya aliyeshiba matunda hana haja na vidonge vyako, na jike anayenyonyesha hatembei mbali. Katika visiwa vya joto kuna adui mwingine asiyetajwa: kaa wa nchi kavu. Wanakula chambo usiku kucha, sumu haiwadhuru, na asubuhi panya anakuta patupu. Ndiyo maana huko kiasi kwa hekta huongezwa kupita kile cha visiwa vya baridi. Ndege wa nchi kavu ambao wangeweza kula vidonge au mizoga hukamatwa kwanza na kufugwa mpaka hatari ipite. Kisha husubiriwa miaka miwili kabla ya mtu kuthubutu kusema kisiwa ni safi. South Georgia, kisiwa cha kusini mwa Atlantiki na kazi kubwa kuliko zote za aina hii, ilitumia takribani tani 300 za chambo kwa awamu kati ya 2011 na 2015, na ikatangazwa kuwa haina panya 2018.

Linganisha gharama hiyo na ya kufunga ndoo. Chakula kinachokwenda kisiwani kisafiri kwenye ndoo au mapipa yenye mifuniko ya kubana, si magunia wala maboksi ya karatasi. Kifungwe ndani ya chumba chenye mlango usiopitisha kidole, siku ile ile ya kupakia. Chombo kikifunga gatini, kila kamba iwe na sahani pana ya bati, na ubao wa kushukia uondolewe usiku. Vipande vya nta vyenye harufu ya karanga viwekwe ngamani na jikoni muda wote, ili alama za meno zionekane kabla ya panya mwenyewe. Mzigo ufunguliwe kisiwani ndani ya chumba kilichofungwa, si ufukweni chini ya mwembe. Na ukimwona panya chomboni, usishushe kitu, na kwa hisani yako usimtupe majini! Anaogelea. Watafiti wa New Zealand walimfunga panya mmoja kifaa cha redio wakamwachia kwenye kisiwa kidogo. Akawashinda, akavuka mita 400 za bahari hadi kisiwa kingine, na hawakumpata mpaka wiki ya 18. Mmoja tu, mwenye redio shingoni.

Dhana: peleka paka, atawamaliza

Paka hamalizi panya, humaliza ndege, kwa kuwa ndege asiyeruka ni rahisi kuliko panya. Hawaii walileta nguchiro mwaka 1883 ili wale panya wa mashamba ya miwa. Nguchiro hutembea mchana, panya usiku, basi hawakukutana sana, na mayai ya ndege ndiyo yaliyoliwa. Wazanzibari wanaoshindana na kunguru kila asubuhi hawahitaji mfano wa mbali: naye aliletwa miaka ya 1890, asafishe takataka.

Dhana: huko mbali hapajaguswa na mtu

Aldabra, katika Ushelisheli, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, na takribani 640 kutoka pwani ya Afrika. Hakuna kijiji, ni kituo kidogo cha watafiti na walinzi tu. Mwaka 2019 watu 12 walifanya kazi ya usafi huko kwa wiki tano wakatoa tani 25 za taka, na makadirio yaliyofuata ni kwamba zimebaki tani 500 na ushei. Kwa uzito, nyingi ni nyavu, kamba na vifaa vya uvuvi. Kwa macho, utaona kandambili, maelfu kwa maelfu, za mguu mmoja mmoja. Bahari haina habari kwamba kisiwa ni urithi wa dunia tangu 1982.

Dhana: ndege aliyetoweka Aldabra amefufuka

Hili lilienezwa sana 2019 na bado linatumwa kwenye simu za watu. Hakuna aliyefufuka. Ndege arukaye wa Madagaska alifika Aldabra, kizazi chake kikapoteza uwezo wa kuruka, kisha bahari ikafunika kisiwa miaka takribani 136,000 iliyopita wakafa wote. Maji yaliposhuka, ndege wa jamii ile ile ya Madagaska walifika tena, na kwa mara nyingine wakapoteza mbawa zenye nguvu. Wa kwanza hawakurudi. Mazingira yale yale yalizaa matokeo yale yale, na hilo linashangaza zaidi kuliko ufufuo.

Dhana: kobe wa visiwani waliletwa na watu, kobe havuki bahari

Wale wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ndiyo, waliletwa: wanne wa mwanzo walikuwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Lakini kobe mkubwa huelea, shingo ndefu ikiwa juu ya maji, na anaweza kukaa muda mrefu bila kula wala kunywa. Desemba 2004 mmoja alitoka baharini kwa miguu yake Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, amekonda, na miguuni ameotwa na viumbe vya baharini vya gamba, ushahidi kwamba alikuwa majini kwa wiki kadhaa. Kutoka Aldabra, anakodhaniwa alianzia, ni takribani kilomita 740.

Basi ukimkuta mwingine ufukweni, tazama miguu kabla ya kufanya wema. Kasa ana makasia, kobe ana miguu minene kama ya tembo. Kasa aliyepotea hurudishwa majini. Kobe ukimrudisha utamwua: mpeleke kivulini, mpe maji kwenye beseni pana lisilo na kina, kisha uwaite watu wa wanyamapori.