Je, wajua kwa nini "nyumba za kuhama" za Marekani hazihami?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mmarekani anayeishi kwenye nyumba ya magurudumu hababaishwi na mtu. Kodi ikipanda, nilidhani, anaifunga nyumba nyuma ya gari, anapakia watoto, na alfajiri yuko jimbo jingine. Niliwahi hata kubishana na rafiki juu ya jambo hilo, nami nilikuwa nimekosea kabisa.

Nyumba hizi, zinazokaliwa na Wamarekani wapatao milioni 20, kwa kawaida husafiri mara moja tu: kutoka kiwandani hadi kiwanjani. Nyingi huzeeka na kubomolewa palepale zilipotua siku ya kwanza. Nilikuwa nazichanganya na magari ya kulala ambayo watalii huzunguka nayo mbugani. Hizi ni nyumba kamili, zenye vyumba, jiko, bafu na baraza. Ukipita mbele yake huyaoni magurudumu, maana mara nyingi yameshaondolewa, na upande wa chini umezibwa kwa mabati au plastiki.

Chimbuko lake, hata hivyo, ni trela halisi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilinunua maelfu ya trela ili kuwalaza wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Vita vilipokwisha nyumba zilikuwa adimu, na watu wengi wakaendelea kuishi humo. Trela hizo zilikuwa na upana wa futi 8, kwa kuwa ndio upana ulioruhusiwa barabarani.

Kisha, katikati ya miaka ya 1950, mtengenezaji wa Wisconsin aitwaye Elmer Frey akatoa nyumba ya futi 10. Futi 2 tu! Lakini ndani ya futi 2 hizo palipatikana ujia. Kabla ya hapo, aliyelala chumba cha nyuma alilazimika kupita chumba cha mwenzake kila alipotoka. Sasa kila mtu aliweza kufunga mlango wake. Futi hizohizo 2 ndizo zilizoifunga nyumba mahali pamoja, kwani ilizidi kipimo cha barabara na kila safari ikahitaji kibali maalumu. Baadaye zikaja za futi 12, 14, hata 16, na nyingine zikaletwa vipande viwili vya kuunganishwa kiwanjani.

Mwenye kuzijua pwani zetu afikirie jahazi lililopandishwa mchangani. Limeegemezwa magogo, limefungwa kamba, na watu wamejenga kibanda ubavuni. Bado ni chombo cha majini, lakini kulirudisha baharini ni kazi ya kijiji kizima. Nyumba hizi nazo zimekalishwa juu ya matofali ya zege na kufungwa ardhini kwa mikanda ya chuma ili upepo usizipindue. Kuihamisha moja, unakata maji, umeme na bomba la maji taka, unabomoa ngazi na baraza, unarudisha ekseli na matairi, unaomba kibali, kisha unakodi lori na mara nyingi gari la kuongoza msafara. Gharama hutegemea umbali na ukubwa wa nyumba, lakini ni maelfu ya dola, na kwa nyumba ya vipande viwili inaweza kupita dola 10,000. Tena viwanja vingi vya kupangisha, ambapo kimoja hubeba nyumba nyingi za namna hii, hukataa nyumba kuukuu, hasa zilizojengwa kabla ya Juni 1976, kanuni za serikali kuu za ujenzi wake zilipoanza kutumika.

Hapo ndipo penye uzito wenyewe. Wengi wanaimiliki nyumba lakini wamepanga ardhi. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana, kwa sababu nyumba bila ardhi anaijua: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unalipia mahali ulipokanyaga. Mwenye kiwanja Marekani akipandisha kodi, mwenye nyumba hulipa, kwa kuwa kuondoka ni ghali kuliko kubaki. Sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo, lakini mara nyingi nyumba ya namna hii husajiliwa kama mali inayohamishika, kama gari, na mkopo wake huwa na riba kubwa kuliko ule wa nyumba ya kawaida. Kwa hiyo inahesabiwa kuwa inahama pale inapomuumiza mwenyewe, na barabarani haiendi.

Bunge la Marekani lilibadilisha jina katika sheria zake mwaka 1980, zikaitwa nyumba za kutengenezwa kiwandani. Mitaani jina la zamani limebaki.

Mwaka 1984, wakazi wa kiwanja kimoja huko Meredith, New Hampshire, walisikia kwamba kinauzwa. Badala ya kutafuta malori, waliunda ushirika, wakakopa, wakainunua ardhi iliyokuwa chini ya nyumba zao. Leo jimbo hilo lina zaidi ya viwanja 100 vinavyomilikiwa na wakazi wenyewe kwa njia hiyo.