Dengue haitoki mtaroni
Wengi Dar bado wanaamini homa ya dengue inaletwa na mitaro michafu na kwamba ukilala kwenye neti basi uko salama, jamani sivyo. Mbu anayeieneza, Aedes, anauma mchana, na anazaliana kwenye maji yaliyotulia hata kama ni masafi, yaani ndoo, pipa, tairi bovu, so mitaa ambayo bomba linakatika kila siku na watu wanahifadhi maji ndo inaumia zaidi. Wahudumu wa afya wakija kumulika tochi kwenye pipa lako usiwafukuze, wanatafuta viluwiluwi wajue wapi pana hatari kabla watu hawajaanza kuugua kama kwenye milipuko ya 2014 na 2019. Na kumwaga maji tu haitoshi, sugua pipa kwa ndani kabisa, mayai ya mbu yanaganda pale na yanavumilia ukavu miezi kadhaa.