Tumbo linaendesha kila asubuhi: maswali yenu kuhusu dawa za kufunga

Maswali ya tumbo dirishani famasi yamekuwa mengi na foleni haisubiri, nimeona niyajibu hapa.

Kaka, nakaa Mbagala kazi Posta, kila asubuhi tumbo linaendesha, daladala naogopa hata kupanda. Nimepima choo, amiba hamna. Shida nini?

Inawezekana ni IBS, yaani utumbo hauna kidonda wala mdudu ila utendaji wake ndo umevurugika, unakata, unajaa gesi, ukitoka chooni unapata nafuu kidogo halafu unaitwa tena. Hujalogwa na wala hujifanyishi. Ila usijipe jina hilo mwenyewe, choo kikiwa na damu, au unakonda bila sababu, au tumbo linakuamsha usiku, au umevuka miaka 50 na hali ndo kwanza imeanza, nenda hospitali wakuchunguze. Na hiyo flajili ya kila mwezi acha bwana, amiba hamna, unamtibu nani?

Hizi dawa za kufunga zinafanyaje kazi?

Kwenye ukuta wa utumbo kuna mishipa ya fahamu kibao, na mishipa hiyo ina vipokezi, yaani sehemu ambazo dawa inajishikiza, vya aina ileile ambavyo mofini, dawa kali ya maumivu, inavishika kwenye ubongo. Vikishikwa, utumbo unapunguza mwendo. Utumbo unaokimbia ni kama daladala inayopitiliza vituo, maji hayapati pa kushuka yaingie mwilini, yote yanafikishwa mwisho wa gari. Loperamidi, ambayo wengi mnaiita Imodium, inapunguza huo mwendo tu. Ilitengenezwa Ubelgiji na Janssen mwaka 1969. Kwa mtu wa IBS inasaidia safari za chooni zipungue na choo kishike, lakini maumivu na gesi haivisaidii sana, kwa hiyo usishangae umemeza na tumbo bado linasokota.

Kama ni ndugu yake mofini si nitalewa?

Kwa dozi ya kawaida hulewi. Dawa kidogo sana ndo inafika kwenye damu ya mwili mzima, na hata ile kidogo inayofika kwenye ukuta unaolinda ubongo inakuta pampu zinairudisha ilikotoka. Kuna watu walisikia huo undugu wakaanza kumeza lundo wapate stimu, mpaka mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kwamba dozi kubwa inavuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kapsuli moja ni mg 2, ukijinunulia mwenyewe mwisho mg 8 kwa siku, daktari ndo anaweza kukupandisha mpaka 16.

Mtoto anaharisha, nimpe nusu?

Hapana mama. ORS na zinki, na umuwahishe kituo cha afya akizidiwa. Hata mtu mzima mwenye homa au choo cha damu asijifunge, na kipindi cha kipindupindu ndo kabisa, maji yanaendelea kumwagika ndani ya utumbo wewe unaona tu hayatoki unadhani umepona.

Kuna dawa mpya zaidi?

Ipo eluksadolini, Marekani waliiruhusu 2015 kwa IBS ya kuharisha. Hii ni janja kidogo, vipokezi vingine inaviamsha na aina nyingine inaizuia, lengo ni kupunguza kuhara na maumivu bila kukufunga choo moja kwa moja. Lakini kama ulishatolewa kifuko cha nyongo hiyo sio yako, onyo lilitoka 2017 baada ya watu kupata ugonjwa mkali wa kongosho na wengine kufa. Wanywaji wa zaidi ya pombe tatu kwa siku nao hawaruhusiwi. Kwa hiyo ndugu aliyeko nje akikutumia kwenye begi, usiifungue kabla hujaongea na daktari.

Mzee wangu anakunywa mofini ya saratani, siku ya tano hajapata choo, tumuachishe?

Msimuachishe jamani, mtamtesa na maumivu. Ni vipokezi vilevile vya utumbo, vimeshikwa tu kupita kiasi, na kufunga choo huku hakuzoeleki kama kichefuchefu cha mwanzoni. Siku tano ni nyingi, mwambieni daktari wake leo, na kama anatapika au tumbo limevimba mpelekeni hapohapo. Kwa kawaida dawa ya kulainisha choo huanzishwa siku ileile anayoanza mofini, ikigoma zipo kama naloksegoli ya vidonge au methilinaltreksoni ya sindano, zinaibandua mofini kwenye vipokezi vya utumbo bila kuifuata kwenye ubongo, choo kinatoka na maumivu yanabaki yametulia.