Je, "meno ya plastiki" ndiyo yanayomharisha mtoto?

Mtoto wa miezi sita anaharisha, mwili unachemka, usiku kucha ni kilio. Jirani anamfungua kinywa, anapapasa fizi, anakuta vivimbe viwili vyeupe pale zinapoota chonge. "Ni meno ya plastiki haya. Mpelekeni yakatolewe, hospitali hawayajui." Maneno hayo utayasikia Ngaramtoni kule Arusha, utayasikia Pasua mjini Moshi, na mara nyingi wanaoyasema ni watu wanaompenda mtoto kwa dhati. Imani hii imekuwepo Tanzania tangu miaka ya 1980, na Uganda, Kenya na Ethiopia wana za kufanana nayo.

Lakini ugonjwa wa "meno ya plastiki" haupo. Kama si ugonjwa, mbona vivimbe vinaonekana kweli? Na mbona watoto wengi hupona baada ya kuchokolewa?

Kinachoonekana ni jino la mtoto mwenyewe. Chonge za utotoni huanza kujengeka mtoto akiwa bado tumboni, ila hutokeza kwenye miezi 16 hadi 22. Katikati ya hapo zimelala ndani ya fizi na kuituna kidogo. Ukizichokoa unatoa kitu cheupe, laini, kisicho na mzizi, kwa kuwa jino halijakomaa. Mama anaonyeshwa kitu hicho kiganjani. Nani asingeamini? Lakini mtoto wa jirani mwenye umri uleule, anayecheka na kunyonya vizuri, naye anazo. Hakuna anayemkagua kwa sababu haumwi.

Ugonjwa nao hupenda umri huohuo. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua, ndipo anaanza uji, kikombe na kijiko, anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Vijidudu vinapata njia. Virusi vya rota ndivyo vinavyosifika kwa kuharisha vibaya. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini mwaka 2013, kwa matone ya wiki ya 6 na ya 10. Angalia kadi ya kliniki kama mtoto aliyapata.

Kuharisha kwa virusi kwa kawaida hukoma kwenyewe ndani ya siku chache hadi wiki. Familia humpeleka mtoto kwa mng'oaji hali ikiwa imefika kileleni, kwa hiyo nafuu inayofuata ingekuja hata fizi zisipoguswa. Sifa anapewa mwenye kisu, kazi imefanywa na mwili wa mtoto. Wapo wasiopata nafuu hiyo: wanaovuja damu, wanaopata pepopunda au usaha unaosambaa mwilini, wanaoambukizwa VVU kwa kifaa kilichotumika kwa mwingine. Hata anayepona anaweza kukua na chonge ya ukubwani iliyopinda au isiyoota kabisa, maana nayo huanza kujengeka miezi hiyohiyo, jirani kabisa na ile iliyochokolewa.

Kinachoua katika kuharisha ni kupotea kwa maji na chumvi. Maji matupu hayatoshi, na soda huzidisha, kwani sukari yake nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni. Ukuta wa utumbo una mlango unaopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na vikipita, maji huvifuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata utumbo ukiwa mgonjwa, na ndiyo siri ya ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Ndiyo maana kipimo ni muhimu sana: pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa kubwa za maji madukani nyingi ni za lita moja na nusu. Usipimie hizo, pimia mbili za nusu lita. Ukikosa pakiti, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, katika lita moja. Mpe kwa kijiko, polepole, kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea. Yaliyokaa saa 24 yamwagwe.

Zahanati watampa na zinki, miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita na 20 kwa aliyevuka, siku 10 hadi 14. Usiikatishe akipona, kwani inapunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata. Kunyonya kuendelee, tena mara nyingi zaidi. Aliyezidi miezi sita apewe na chakula, mtori laini ni mzuri sana.

Homa nayo isibahatishwe. Utafiti wa Moshi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa, watoto na watu wazima: zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria, waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Mtoto apimwe kwanza. Parasetamoli hutolewa kulingana na uzito wa mtoto, na aspirini asipewe kabisa.

Mkimbizeni hospitali, hata usiku, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, kinyesi kikiwa na damu, macho au utosi ukibonyea, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi. Mwenye homa akiwa chini ya miezi miwili asisubiri dalili nyingine.

Na kama fizi zimeshakatwa, mwambieni nesi bila kuficha, hata kama mnaogopa kugombezwa. Akijua, ataangalia kidonda, damu iliyopotea na chanjo ya pepopunda. Asipojua, anaweza kutibu kuharisha peke yake huku sumu ya kidonda ikiendelea kusambaa.