Linakimbia ngapi? Uliza kwanza uzito wake

Swali la kwanza huwa moja tu: "Linakimbia ngapi?" Mtu ameona kigari kisicho na milango wala paa, magurudumu ya mbele yako nje ya bodi, dereva amekaa karibu na lami kiasi cha kuweza kuigusa kwa mkono, na anachotaka kujua ni namba ya mwisho ya spidomita. Mimi humjibu kwa kilo. Caterham Seven 170, mojawapo ya vigari hivyo, lenye injini ndogo ya Suzuki ya cc 660, lina kilo 440. Vitz, ile unayokutana nayo kila kona ya Dar es Salaam, ina takriban tani nzima. Kwa hiyo nguvu za farasi 84 za huyo mdogo zinasukuma mzigo usiofika nusu ya Vitz. Panda hadi modeli ya 360, yenye injini ya Ford ya lita 2, unapata farasi 180 kwa kilo 560 hivi. Ukigawa, ni zaidi ya farasi 300 kwa tani.

Kuhusu spidi ya mwisho sina mengi. Umbo hili linapasua hewa vibaya, na ukishapita kilomita 160 kwa saa upepo unaanza kukudai kila farasi uliyonaye. Utamu uko chini ya hapo: kwenye kufunga breki, kuingia kona, na kutoka. Breki hazichemki ovyo kwa sababu hakuna uzito mkubwa wa kuzichemsha. Tairi zinadumu. Usukani hauna msaada wa haidroliki wala umeme, na mikono inasoma lami moja kwa moja.

Kazi yangu ni kutengeneza chesisi za magari haya hapa Worcestershire, Uingereza, na nitakachosema hakiwafurahishi wauza injini: ukishakuwa na gari jepesi, pesa ya kuongeza nguvu ielekeze kwenye petroli ya safari za pamoja na ada za mashindano madogo. Huko ndiko gari linakolipa.

Asili yake ni kodi. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa Lotus Seven mwaka 1957, wakati gari kamili lilitozwa kodi ya ununuzi lakini vipande vya kujiungia mwenyewe havikutozwa. Sharti lilikuwa kwamba vipande visiuzwe na maelekezo ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba Lotus walitoa maelekezo ya kulifungua gari, na mnunuzi akayasoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwaka 1973 VAT ilipoingia, unafuu huo ukafa. Lotus walikuwa wameshachoka na Seven, na mwaka huohuo Caterham, waliokuwa wakala wao chini ya Graham Nearn, wakachukua haki ya kuliunda. Westfield, watengenezaji wengine wa vigari hivi, wakaja miaka ya themanini. Pembeni yao wako watu waliochomelea chesisi nyumbani kwa mabomba ya chuma ya mraba na kuweka injini na ekseli ya Ford Escort kuukuu. 750 Motor Club, chama kilichoanzishwa 1939, kina mbio za magari hayo ya kuchomelea, na ushindani wake si wa mchezo.

Kuliunga kunahitaji subira kuliko ufundi. Kinachowatoa watu jasho ni ukaguzi wa IVA, ambao gari la kujiundia lazima lipite kabla ya kupewa namba. Mkaguzi anachukua tufe la milimita 100, na kila ukingo ambao tufe hilo linaweza kuugusa kwa nje sharti uwe na mviringo usiopungua milimita 2.5. Ndiyo maana magari yanayokwenda kukaguliwa yamejaa vifuniko vya plastiki kwenye nati na mipira kwenye kila ukingo wa bati. Jioni yake vifuniko vingi huwa vimeshatoweka. Sisemi nani huvitoa.

Baada ya hapo, safari za pamoja. Hili watu hulichukulia kama matembezi ya Jumapili, na wanakosea, maana hapa ndipo dereva anapofundishika. Chukua njia inayopendwa sana kaskazini mwa Wales: unapanda Horseshoe Pass kutoka Llangollen, unakunywa chai Ponderosa pale juu, unarudi kwenye barabara ya A5 hadi Pentrefoelas, kisha unaingia A543 inayokata nyika, na kushuka kwa B4501 hadi Cerrigydrudion. Kondoo wako barabarani na hawana haraka. Kona zinaonekana kutoka mbali, halafu ghafla hazionekani kabisa.

Msafara wangu hauzidi magari sita. Wakija zaidi, tunagawanyika makundi mawili na kupishana dakika kumi. Mgeni namweka wa pili, nyuma ya kiongozi. Vyama vingi humtupa mwisho "asije akasumbuliwa", na hilo ni kosa: kila anayepunguza mwendo mbele anaacha pengo analolazimika kulifidia, na wa mwisho kabisa ndiye anayefukuza pengo la wote. Utamkuta mtu mwenye gari la wiki mbili anakimbia kuliko kiongozi. Akiwa wa pili, anaona mahali taa za breki za mbele zinapowaka, anaona mstari wa kuingilia kona, na kiongozi anamwona kwenye kioo.

Njia panda zina kanuni moja: kila dereva anamwajibikia aliye nyuma yake. Humwoni kiooni? Simama pale hadi atokee. Aliye mbele yako naye atasimama, na msafara mzima utajishika wenyewe bila simu wala redio. Hakuna kupitana ndani ya kundi. Hakuna saa wala mashindano, kwa sababu sheria ya Uingereza inakataza mbio kwenye barabara ya umma. Halafu kuna vijiji. Ekzosi ya gari hili inatokea ubavuni, chini ya sikio lako, na magari sita yakipita mtaani kwa gia ya pili saa mbili asubuhi, mwaka ujao njia hiyo itakuwa na wakazi wenye barua za malalamiko. Tia gia ya nne, shuka mwendo, pita. Tangu Septemba 2023 mitaa mingi ya makazi Wales ina kikomo cha maili 20 kwa saa, hivyo huna sababu ya kujitetea.

Acha pengo kubwa. Tairi laini huokota kokoto na kumrushia wa nyuma, na wa nyuma hana kioo kikubwa cha kumkinga. Majira ya joto halmashauri humwaga lami nyembamba na kuifunika kwa changarawe zisizoshikana. Ukiikuta barabara ya namna hiyo, tafuta nyingine, hata kama unarefusha safari kwa nusu saa. Washa taa mchana. Dereva wa lori aliyekaa juu kule hakuoni. Macho yako yako sawa na nati za magurudumu yake.

Jamaa wa Mombasa na Dar huniuliza kama wanaweza kulileta moja nyumbani. Huwajibu kwa kuwaonyesha sampu, bakuli la oili chini ya injini, kitu kilicho chini kuliko vyote, pengo lake na barabara ni upana wa kiganja. Matuta yetu yataing'oa kabla hujafika sheli. Kwa Kenya ningemwelekeza mtu kwenye autokrosi, mbio dhidi ya saa kwenye njia ya vumbi, ambako kuna madaraja ya buggy: chesisi ya mabomba, uzito mdogo, dereva na vumbi lake. Fikra ni ileile, na buggy limeumbwa kwa udongo.

Sasa marekebisho. Upepo wa tairi kwanza: aliyezoea 32 kwenye saluni yake atashtuka nikimwambia 18 hadi 20. Uzito haupo, kwa hiyo ukijaza 32 tairi inadunda juu ya lami badala ya kuikamata, na mwenye gari anakuja kwangu kulalamikia springi. Wengi wao tatizo huisha kwa pampu tu, nami napoteza ankara nzuri.

Pili, uzito wa kila gurudumu. Tunaliweka gari kwenye mizani nne na kurekebisha springi hadi mshazari mmoja ulingane na mwingine. Dereva lazima awemo, au mifuko ya mchanga yenye kilo zake. Mtu wa kilo 80 ndani ya gari la kilo 560 ni kama asilimia 14 ya gari lenyewe, na amekaa upande mmoja. Kwenye Land Cruiser asingeonekana hata kwenye hesabu. Gari lisilopimwa hufunga gurudumu moja la mbele kila breki inapokanyagwa kwa nguvu, na ndipo mwenyewe anapoanza kununua breki kubwa zaidi.

Mashindano ya bei nafuu kuliko yote ni autosolo: uwanja wa lami au maegesho, koni, gia ya kwanza na ya pili. Koni ukiigusa unaongezewa sekunde 5. Nenda. Siku moja ya koni itakuonyesha jinsi mkia wa gari unavyotoka na kurudi, kwa mwendo ambao kosa lake ni aibu tu.

Mapenzi yangu mimi yako kwenye kupanda kilima dhidi ya saa. Shelsley Walsh iko hapa mkoani, mashindano yake ya kwanza yalikuwa mwaka 1905, na tangu 1907 njia imebaki na urefu uleule: yadi 1,000, yaani mita 914, unapanda mita 100 hivi. Prescott, kule Gloucestershire, ni mali ya klabu ya wenye Bugatti tangu 1937. Leseni ya kuanzia ya Motorsport UK, chama kinachosimamia mbio za magari Uingereza, inaitwa RS Clubman, na unaiomba mtandaoni bila malipo. Gari lako la barabarani linatosha, ukiongeza kofia ngumu na ovaroli zilizoidhinishwa, alama zinazoonyesha swichi ya kuzima injini, waya wa hasi wa betri uliozungushiwa utepe wa njano, na bamba jeusi la wima mbele la kukatia mwale wa mwanga unaoendesha saa.

Pale Shelsley mstari wa kuanzia uko kwenye mteremko, hivyo msimamizi anaweka kabari nyuma ya gurudumu lako usirudi nyuma. Taa ya kijani inawaka, lakini haikuhimizi. Saa inaanza gari linapokata mwale, na wepesi wa kuitikia taa hauhesabiwi. Vuta pumzi, panga mizunguko ya injini, achia klachi. Hapa gari jepesi linaonyesha udhaifu wake: tairi zimepoa, uzito wa kuzikandamiza ni mdogo, na mwenye farasi nyingi anabaki anachoma mpira wakati mwenye farasi 125 ameshaondoka. Unapita kona ya Kennel, unapita ya Crossing, ukingo wa udongo uko ubavuni, kisha zinakuja kona za Esses, ambazo usipofunga breki mapema kwa ya chini, ya juu utaingia vibaya na kubeba kosa hilo hadi mwisho. Gari zuri la barabarani linamaliza kwa sekunde thelathini na kitu.

Kwa kawaida unapata mara mbili za mazoezi na mara mbili za kuhesabiwa. Piga hesabu: siku nzima, dakika mbili za kuendesha. Wanaotoka kwenye saketi hucheka wakisikia hivyo. Lakini saa nyingine zote uko kwenye vibanda vya magari, na mpinzani wako anakukopesha spana, anakuambia alivyopita Crossing, anapima upepo wa tairi zako kwa geji yake. Kuna wazee pale wanaokumbuka kila mahali lami ilipobadilishwa. Ukikaa nao ukasikiliza, utapunguza nusu sekunde bila kufungua boneti.

Siku za saketi nazo zina nafasi yake, ila tahadhari mbili. Kuna saketi zinazobana kelele kikweli, Bedford Autodrome mojawapo, na ekzosi ya ubavuni inaweza kukurudisha nyumbani kabla ya saa nne. Kubwa zaidi ni oili. Kona ndefu ya kasi inaisukuma oili yote upande mmoja wa sampu, pampu inanyonya hewa, na beringi zinakwisha bila taa yoyote kuwaka kwa wakati. Kwenye kilima kona ni fupi, huoni shida. Kwenye saketi weka sampu yenye vizuizi ndani kabla ya kuweka chochote kingine, hata hizo tairi za pesa nyingi.

Anayetaka mbio kamili za gari kwa gari, Caterham wana Academy tangu 1995, kwa watu ambao hawajawahi kushindana. Wote wanatumia gari moja, lililosajiliwa kwa barabara, na kwa miaka mingi injini imekuwa ya Ford ya lita 1.6 yenye farasi 125 tu. Nani anashinda kwa pesa pale? Hakuna.

Na kama ada inakubana, vyama vingi vinaruhusu madereva wawili kuandikisha gari moja. Mume na mke, baba na binti, marafiki wawili waliochangia kuliunga gereji. Mmoja anapanda, anashuka, wanabadilisha namba ubavuni, mwingine anaingia. Pangeni mapema nani anatangulia, kwa sababu wa pili huzikuta tairi zimeshapata joto, na nimeshuhudia ndoa imara zikijadili jambo hilo kwa sauti kubwa kidogo. Kiti nacho kipimwe kwa aliye mfupi. Mrefu atakunja magoti.