Mila ya kale gani, jamani? Kuhusu Helvetia na yule mzee wa motoni

Nimetumiwa tena ile video ya kijiji cha Helvetia, West Virginia, Marekani: watu na vinyago vyao, sanamu la mzee, Mzee Kipupwe, linatupwa motoni, na maelezo yale yale chini, "mila ya kale ya Uswisi isiyobadilika". Narekodi urithi wa utamaduni kwa riziki yangu, na maneno hayo yamenichosha.

Kijiji kilianzishwa mwaka 1869 na Waswisi na Wajerumani, baadhi wakitokea Brooklyn. Fasnacht, yaani kanivali yao, walikuja nayo, lakini ilikuwa mambo ya nyumbani kabla ya Kwaresima: vitu vya kukaanga, watoto na vinyago. Sherehe ya hadhara, Jumamosi inayotangulia Jumatano ya Majivu, ilisukwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kina Eleanor Mailloux, mmoja wa waanzilishi wa mgahawa wa The Hütte.

Sasa huyo mzee. Mtu akiona sanamu na moto anakimbilia Zürich: "Ni Böögg huyo!" Böögg, sanamu la mtu wa theluji, huchomwa Aprili, siku ya Sechseläuten, sherehe ya vyama vya mafundi ambayo haina habari na Kwaresima. Kichwa chake hujazwa fataki. Kikilipuka mapema, watu hutabiri majira mazuri ya joto. Haya, twende Basel, kwenye Fasnacht kubwa kuliko zote Uswisi: wao huanza Jumatatu baada ya Majivu, saa kumi alfajiri, Helvetia wakiwa wameshafagia ukumbi. Na huko Helvetia Mzee Kipupwe huning'inizwa darini, watu wakicheza chini yake kwa fidla za milima ya Appalachia, hadi usiku wa manane akatwe kamba. Uswisi ipi hiyo? Tena uchomaji wa Böögg uliingia rasmi kwenye Sechseläuten mwaka 1902, Helvetia ikiwa na miaka 33!

"Kumbe ni feki," utasema. Hilo nalo silitaki. Mkataba wa UNESCO wa 2003, ule wa urithi wa utamaduni usioshikika, wenyewe unakubali kwamba jamii huuunda upya urithi wake kila mara.

Kinachonisumbua ni kingine. Sensa ya 2010 ilikuta wakazi 59, na usiku wa Fasnacht wageni huwafunika wenyeji. Fomu zetu zina kisanduku cha "jamii yenye urithi". Mgeni anayerudi kila mwaka na kinyago alichojitengenezea, nimwandike humo au nje? Vitabu hukijaza kwa neno moja. Mimi hukiacha wazi, mpaka msimamizi anirudishie fomu.